Picha ya Kilio

Kompyuta yangu ilianza uvivu mwezi wa pili, mwezi uleule watu walipoanza kuniita maskini. Nilidhani tumechoka sote wawili.

Jina langu ni Céline, lakini hapa Lubumbashi naitwa Mama Benita, kwa binti yangu wa pekee. Mume wangu Stanislas ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, mfanyabiashara wa jumla: maharagwe, viazi, jibini. Waasi walipouteka mji wa Goma, mwezi wa kwanza 2025, alikuwa huko akifuata mzigo. Alinipigia simu mara ya mwisho milio ikisikika nyuma yake, akaniambia, "Céline, mabomu iko napasuka, nitakuita." Hakuniita. Namba ikafa. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, na habari zilizotufikia zilikuwa za miili inayozikwa harakaharaka kabla ya mtu yeyote kuitambua.

Nikaanza kumtafuta. Wazazi wangu walitoka Kasai, nami nimerithi kwao ukaidi wa kuuliza mpaka anayeulizwa achoke. Niliwauliza madereva wa malori, wauza mitumba, masista, watu wa misaada. Nilituma picha yake kwa kila aliyekuwa na simu. Wengine walinijibu kwa upole, wengine walinipa kisogo. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nimesikia kwamba wakimbizi wengi wa Goma walizunguka kupitia nchi za jirani na kuingia Katanga kwa upande wa Zambia. Basi nikaamua kubandika matangazo yenye picha yake makanisani mwa miji ya mpakani: Kasumbalesa, Sakania, Mokambo.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Hortense. Hortense ni wifi yangu, dada yake Stanislas, lakini kabla ya kuwa wifi alikuwa rafiki. Tulikaa dawati moja kwenye lise, shule yetu ya sekondari, tukagawana kalamu, mikate na siri. Ni yeye aliyemleta kaka yake nyumbani kwetu akaniambia, "Minakuletea huyu. Usimuvunje." Tangu Goma ianguke, alikuwa akija kulala kwangu, tunalia wote mpaka usingizi utuchukue. Nayasema haya mapema ili ujue nilimpenda kiasi gani.

Nilimwambia habari ya matangazo siku ya Jumapili. Jumatatu akaja na wajomba wawili na mchungaji.

"Mama Benita," akasema, akinishika mkono, "tuache kutafuta. Muntu mwenye hawakumulilia, roho yake haipumuzike. Tufanye kilio."

"Mwili uko wapi?"

"Mwili gani tena, ndugu yangu? Ku Goma walizika bantu mu mashimo. Ukubali tu."

Nilikataa. Mchungaji akaomba. Wajomba wakakohoa. Nilikataa tena, safari hii kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Kisha nikamwona Benita kwenye mlango wa chumba chake. Ana miaka kumi na minne, na tangu Goma ianguke alikuwa anafunga kila Jumatano ili Mungu amrudishe baba yake. Shingo yake ilikuwa imebaki mifupa. Nikafikiri: huyu mtoto atangoja mpaka lini? Nikapiga moyo konde, nikakubali.

Mpango ukapangwa. Alhamisi jioni mashangazi wangekuja kunivua pete na kunikalisha mkekani. Jumamosi ndiyo kilio chenyewe, turubai uani, kwaya, chakula. Mpaka Alhamisi hiyo nilikuwa mke wa mtu aliyechelewa kurudi. Baada ya hapo ningekuwa mjane, na hakuna ambaye angemtafuta tena Stanislas, hata mimi.

Kilio chetu hakiendi bila picha. Picha kubwa getini, picha ileile kwenye fulana za familia. Hortense alitaka tutumie ile ya kadi ya mpiga kura, ambamo mume wangu anaonekana kama mtu aliyekamatwa akiiba kuku. Nikamwambia haiwezekani. Niliitaka picha ya siku ya ubatizo wa Benita, Stanislas amevaa shati la buluu, anacheka. Ilikuwa ndani ya kompyuta.

"Iyo mashini ilisha kufa," Hortense akasema. "Utapoteza tu wakati."

Hakukosea sana. Ni laptopu kuukuu tuliyoinunua ikiwa tayari imetumika, na Stanislas aliiita kikongwe. "Tupa iyo kikongwe, nitakununulia ingine," alikuwa akiniambia kila mwaka, na kila mwaka ni yeye aliyeikalia kuchapisha karatasi za mizigo yake. Lakini ule ubovu wa tangu mwezi wa pili ulikuwa wa namna nyingine. Ukiiwasha, unaweza kwenda kugeuza maharagwe jikoni na kurudi, bado inajikusanya. Ukibonyeza kitu, inangoja, inapumua, feni inalia. Na ilikuwa inakula mega! Nikiiunganisha na simu yangu asubuhi, mchana vifurushi vimekwisha na sijafungua hata barua moja. Niligombana na kampuni ya simu, nikagombana na dada anayeniuzia vocha kwenye kona.

Kwetu ugonjwa wote wa kompyuta una dawa moja. "Mama, formatez tu!" Majirani, walimu wenzangu, kijana wa fotokopi, wote wimbo mmoja. Kuifomati ni kuifuta yote na kuanza upya, na mimi sikuwa tayari kuzifuta picha za mume wangu. Zilikuwa ndizo zilizonibakia kwake.

Alhamisi hiyo umeme ulirudi mchana. Nikaketi nayo chumbani, nikaiunganisha na simu yangu, nikaapa kwamba leo itanieleza inaumwa nini.

Nilianza na vumbi. Niliifungua chini kwa kisu cha jikoni, nikapuliza, likatoka vumbi letu jekundu la kutosha kupanda mchicha. Nikaifunga, nikaiwasha. Uvivu uleule. Nikatafuta virusi, nilingoja mpaka mgongo ukauma, haikuona kitu. Mimi si fundi, nafundisha hesabu darasa la sita, lakini najua kwamba mtu akichelewa kujibu huenda ana kazi nyingine mkononi. Basi nikafungua lile dirisha linaloonyesha kompyuta inashughulika na nini wakati huo.

Ilikuwa inashughulika kweli. Kulikuwa na programu moja haipumziki, inashusha picha kutoka mtandaoni. Nikatazama nafasi ya diski: mstari mwekundu karibu mpaka mwisho. Diski ilikuwa inakaribia kujaa pomoni, haina hata pa kugeukia. Kumbe kikongwe changu hakikuwa mgonjwa. Kilikuwa kimebebeshwa.

Imejazwa na nani? Mimi sikuwa nimeweka chochote tangu mwezi wa kwanza. Nikafuata zile picha zinakoshukia, nikafika kwenye faili moja: *Téléphone Stany*.

Hilo nililielewa upesi. Kabla ya safari, mume wangu alifungua akaunti ya simu yake kwenye kompyuta yangu ili achapishe karatasi za forodha, na hakuifunga. Simu yake hupandisha mtandaoni kila picha anayopiga, na kompyuta yangu, kwa utiifu wake, huishusha. Nikajua nitakuta picha zake za zamani. Nikajifuta macho, nikazipanga, mpya zitangulie.

Ya kwanza kabisa ilikuwa sahani ya samaki na bukari, ugali wetu. Tarehe yake ilikuwa Jumanne. Jumanne ya juzi.

Mwizi, nikasema. Mwizi ameichukua simu ya marehemu wangu, sasa anakula samaki na kupiga picha! Nilimlaani huyo mwizi, yeye na tumbo lake. Nikashuka chini kidogo nimwone sura.

Nilimwona. Alikuwa amesimama mbele ya kioo kwa fundi cherehani, suti mpya ya kijivu, simu mkononi, akijipiga picha mwenyewe. Alikuwa amenenepa. Pete ya ndoa haikuwa kidoleni. Ilikuwa ni Stanislas.

Nilipaswa kufurahi, najua. Sikupewa nafasi, kwa sababu zile picha hujipanga zote pamoja kwenye dirisha moja, na pembeni ya ile ya suti kulikuwa na nyingine nyingi. Turubai. Viti vya plastiki. Mbuzi wawili wamefungwa kamba. Keki yenye maandishi ya sukari, *Stany na Nkandu*. Msichana mzuri amefunikwa kitenge kichwani, kisha amefunuliwa, anacheka. Ukutani nyuma yao kibao cha duka, na chini ya jina la duka: Mokambo. Mahari ilikuwa inatolewa, na mume wangu ndiye aliyekuwa akiitoa.

Tazama nilivyo mjinga: nilianza kumtafutia sababu. Labda alipigwa kichwani, amepoteza kumbukumbu. Nikashuka zaidi mpaka mwezi wa kwanza. Kulikuwa na picha ya basi lililojaa, mpakani. Mitaa ya Kampala. Yeye na abiria wengine wanakunywa chai kituoni, anacheka, siku ambazo mimi nilikuwa nimelala sakafuni kwa sababu kitanda kilikuwa kikubwa mno. Risasi za Goma hazikumgusa. Zilimpa wazo tu. Watu wengi walikuwa wamekufa bila kaburi lenye jina, naye akajilaza katikati yao, akajihesabu pamoja nao, ili mimi nilie na nisimtafute. Alitupa namba ya Kongo akanunua ya Zambia, akadhani ameondoka. Hapa kwetu mtu ni namba yake, ukiibadili, umehama. Simu ilikuwa ileile, akaunti ileile, hakukumbuka. Na nani angekumbuka kikongwe?

Nikarudi kwenye mahari. Wanawake wa upande wa bwana harusi, wengi siwajui, walikuwa wamesimama mstari mmoja kwa sare, kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano. Wa tatu kutoka kushoto, meno yote nje, alikuwa Hortense.

Mwisho wa juma wa tarehe ya picha hizo aliniambia anakwenda Kasungami kuvuna mahindi shambani. Na mahindi aliniletea! Tuliyachoma pamoja jikoni, akalia, akasema Stany aliyapenda mahindi mabichi. Mume kukuacha, hilo nimelisikia kwa wengine, unaumia, unapona. Lakini Hortense alilala kitandani mwangu, upande wa kaka yake, akanifuta machozi kwa khanga yangu mwenyewe, na muda wote huo alijua kaka yake amekula nini mchana.

Hapo ndipo nilipoelewa kilio. Jumapili nilimwambia nitabandika sura ya Stanislas kanisani Mokambo. Jumatatu ikawa roho ya marehemu haipumziki.

Uani nilisikia sauti. Mashangazi walikuwa wamefika na mkeka. Kwaya ilikuwa inajaribu wimbo, wajomba wanavuta kamba za turubai. Nikatoka vile nilivyo, sikufunga hata kompyuta. Nilimkuta Hortense jikoni peke yake, anaosha vikombe.

"Yaya Hortense," nikasema, kwa heshima ya dada mkubwa, "yale mahindi ya Kasungami, uliyanunua barabara gani?"

Akageuka akitabasamu. Tabasamu likamfia usoni, kwa sababu aliniona macho.

"Nimekuona," nikamwambia. "Kitenge cha ndege. Kinakupendeza."

Hakukana. Hilo nampa. Alikaa juu ya ndoo, mikono inatiririka maji.

"Ni ndugu yangu, Céline. Ye peke njo alibakia kwetu muanaume. Akaniita toka ku Mokambo, akasema kama minasema kitu, atapotea kweli. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Na nyumba anakuachia! Yote anakuachia, alisema. Haukose kitu. Kilio ikiisha, kila muntu atapumuzika. Hata weye."

"Ulilia na mimi, Hortense. Miezi yote hii. Ulikuwa unamlilia nani?"

Akaniangalia, na ninaamini hapo alisema kweli, ndiyo maana sijaweza kusahau.

"Weye," akasema. "Nilikuwa nakulilia weye."

Ningempiga. Mkono ulikuwa umekwisha kupanda. Lakini ndani ya nyumba kulitoka mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa binti yangu tangu azaliwe, nikadhani ameungua.

"Papa eko muzima! Mama! Papa eko muzima!"

Benita alikuwa amerudi shuleni. Alikuwa ameingia chumbani kuchukua ile picha ya shati la buluu ampelekee mtu wa fulana, akaikuta kompyuta wazi. Akatoka nayo mbio mpaka uani, ameibeba mikononi kama trei, waya unaburuzika nyuma yake, kiatu mguu mmoja. Kwenye kioo kulikuwa na Stanislas na suti yake ya kijivu.

"Muangalie siku! Ni mwezi huu! Papa eko muzima! Aksanti Yesu, aksanti Yesu!"

Sijui kueleza kilichotokea. Kwaya iliachia vigelegele. Shangazi mzee aliyekuja kunivua pete alijitupa chini akagaagaa vumbini kwa furaha. Wajomba walikumbatiana, na mmoja wao, aliyekohoa siku ile ya Jumatatu, alilia kweli. Huyo hakujua lolote, namwomba radhi. Mchungaji alinyoosha mikono juu. Watu walinifuata jikoni, wakanivuta, wakanibusu, wakanimwagia unga wa furaha kichwani. Hortense naye alivutwa. Mama Marie-Thérèse wa kwaya alimrusharusha mikononi, "Furahi, dada ya marehemu, hakuna marehemu!" naye alirushwa kama gunia.

Benita alikuwa katikati yao wote. Alikuwa anacheka na kulia, anawageuzia kioo mmoja baada ya mwingine, ona, ona, amenenepa hata. Miezi ya kufunga ilikuwa imemlipa. Mungu alikuwa amemsikia yeye, mtoto, kuliko wachungaji wote.

"Iko ingine?" mchungaji akamuuliza. "Tuone kama eko wapi."

"Iko mingi!" Benita akasema, na akabonyeza mshale.

Kompyuta ikaanza kufikiri. Feni ikalia. Watu wote walisogea, vichwa vimegusana, wanatabasamu, wanangoja. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa. Ningeweza kupiga hatua, nikakifunga kile kifuniko, nikasema imeharibika, nikamwacha mtoto wangu na furaha yake hata usiku mmoja. Nilimtazama Hortense. Alikuwa ananitazama, ananisihi kwa macho nifanye hivyo hivyo. Kwa ajili ya macho yale sikufanya. Namtazama Benita leo na sijui kama nilifanya vema.

Picha ilishuka kutoka juu, kipande kwa kipande. Turubai kwanza. Kisha vichwa. Kisha nyuso, msichana aliyefunuliwa na mume wangu amemshika kiuno. Kisha mstari wa kitenge cha kijani.

Vigelegele vilikatika upande wa karibu kwanza, halafu nyuma, ambako hawakuwa wameona bado. Mama Marie-Thérèse ndiye aliyeinua kidole.

"Mais... uyu haiko Mama Hortense?"

Hortense alikuwa anatazama miguu yake, na watu waliokuwa wamemshika walimwachia mmoja mmoja.

Benita hakumwangalia Hortense. Alikuwa bado anaiangalia ile picha, anaitafutia njia, kama nilivyoitafutia mimi. Kisha akaja mbele yangu na kompyuta yake mikononi, unga wa watu umeniganda usoni, akaniuliza kwa sauti ndogo ili wengine wasisikie.

"Mama, pengine hajue kama tuko namutafuta?"

"Anajua," nikamwambia.

Hapo ndipo binti yangu alipoanza kumlilia baba yake.